Mzunguko wa Mfiwa

Kulwa alijisugua kitunguu machoni mpaka mashavu yakalowa, akafunga kitambaa cheusi mkononi, akapanda pikipiki yake huku akilia kwa sauti kubwa. Mgeni angempa pole. Waliomjua waliinamisha nyuso wasije wakacheka, maana siku zile kucheka kwenye kiwanja cha Ligi ya Vumbi kulikuwa ni kukosa adabu.

Pembeni yake, nyuma ya kamba ya kuanzia, zilisimama pikipiki tatu zisizo na watu. Injini zilinguruma. Usukani wa kila moja ulijigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mpandaji anavyofanya akiwa na papara. Chini ya kila kiti kulikuwa na kisanduku kisichozidi kopo la dagaa. Kampuni ilikiita kwa jina refu la kitaalamu. Watu wa Ligi walikiita Mwanafunzi, kwa kuwa misimu kumi kilikaa chini ya makalio yao kikijifunza.

Kamba iliruka. Kiwanja chenyewe ni duara la mchanga wa mgodi, mabaki ya mawe yaliyosagwa kwa tamaa ya dhahabu na kumwagwa nje ya mji wa Kahama. Mgodi ulishafungwa, tamaa ikahamia kwingine, mchanga ukabaki. Mchanga ule haushiki tairi, na pikipiki za Ligi hazina breki. Kwa hiyo kona huikunji, unailaza: unatupa mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma, unaliachia tairi la nyuma litoke, unaingia kona ubavu mbele. Ndio ufundi ambao hakuna mashine iliyoujua mpaka Mwanafunzi alipoletwa kuusomea hapa.

Kwenye kona ya kwanza Kulwa aliongeza kilio. Pikipiki tatu hazikumjali. Moja ilimfungia njia ya ndani, ya pili ikamrushia mchanga usoni, ya tatu ikampita kama hayupo. Kulwa, na kilo zake zote, akalala chini.

"Hajadanganyika," alisema Kokushubira, mhandisi wa kampuni, akitazama kioo cha kompyuta ndogo alichoshika mkononi.

"Kitunguu cha Singida hicho, dada mhandisi," Kulwa alijibu akitema mchanga. "Sasa anataka nini tena?"

Hakuna aliyemtazama Nkwimba. Walitazama viatu, wakatazama mawingu. Nkwimba alikuwa nahodha wao, amekaa juu ya tairi kuukuu, na wiki iliyopita alikuwa amemzika mdogo wake Maduhu. Aliinuka bila kuambiwa. Hakufunga kitambaa, hakulia. Alivaa glavu, akapanda, akashika usukani.

Kamba iliruka tena. Walipofika kona ya kwanza, zile pikipiki tatu zilijinyoosha, moja baada ya nyingine, zikateleza kwenda nje na kumwachia njia ya ndani, pana ya kupita mkokoteni wa ng'ombe. Ile ya nje kabisa ilikwenda ikagonga ukuta wa matairi, ikabaki pale gurudumu likizunguka. Nkwimba alipita peke yake, akamaliza wa kwanza bila mpinzani.

"Ndiyo hiyo," alisema Kokushubira kwa sauti ndogo.

Nkwimba alizima injini akashindwa kushuka. Alikuwa ametoka kuona, kwa macho yake, jinsi mdogo wake alivyouawa.

*

Ligi ya Vumbi ilianzishwa na bodaboda walionyang'anywa kazi. Sheria ilipokataza mkono wa binadamu kuendesha chombo barabarani, leseni zao zikawa karatasi za kufungia karanga, na kiwanja hiki kikawa mahali pekee ambapo mtu angeweza kukata kona kwa akili yake mwenyewe. Kampuni ya bajaji zisizo na dereva iliwafuata kwa unyenyekevu. Bajaji zao zilikuwa zinapinduka ovyo kwenye barabara za udongo masika yakianza. Wakasema, tutawapa mafuta na matairi, ninyi mbebeni Mwanafunzi mkishindana. Wakakubali. Nani angekataa?

Basi Mwanafunzi akajifunza kona, matope, mchanga na utelezi. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia lipi ni somo na lipi si somo, akajifunza na mzunguko wa mfiwa.

Ulikuwa utaratibu wao wenyewe, hauandikwi popote. Mtu wa Ligi akifiwa, mbio zake za kwanza baada ya mazishi hashindaniwi. Mnaanza naye kwa kasi ileile, halafu kwenye kona ya kwanza mnajinyoosha, mnateleza nje, mnamwachia ndani. Anamaliza wa kwanza, na ushindi ni wa marehemu. Asiyepishwa hivyo, walisema, maiti wake amezikwa na familia tu, Ligi haijamzika.

Mwanafunzi aliyahisi haya kupitia glavu na usukani: mapigo ya moyo, pumzi inayokatika, mkono mmoja unaoshika kwa nguvu kuliko mwenzake. Akajua huzuni ya kweli inafananaje. Akajua na inafanyiwa nini, na alichokijua kikaingia kwenye kila bajaji ya kampuni.

Asubuhi moja, mbele ya hospitali, bajaji ilitoka langoni imembeba mama aliyekumbatia mtoto aliyekwisha kufa. Bajaji huambiana hali ya abiria wao. Nyingine iliyokuwa inakuja mbele yake ilipata habari ya msiba ule, ikafanya kama ilivyofunzwa na watu wenye heshima zao: ikajinyoosha, ikateleza nje. Huko nje alikuwepo Maduhu, anatembea ukingoni mwa barabara na mkate kwapani.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Kulwa alisema. Walikuwa wamekaa kwenye banda la matengenezo, Kokushubira juu ya kreti, wao chini.

"Si Maduhu peke yake," Kokushubira alisema. "Geita yupo. Bukombe wapo wawili. Tulidhani ni hitilafu ya magurudumu."

"Mtoeni basi huo utaratibu."

"Hautoki, kaka. Umechanganyika na namna anavyoijua kona. Ni kama chumvi kwenye mchuzi."

"Mwageni mchuzi!"

"Halafu wajawazito wa Bukombe waende hospitali na nini? Unamjua dereva gani mwenye leseni?"

Hilo lilikuwa tusi, ingawa Kokushubira hakulikusudia.

Ni Nkwimba aliyeuliza. "Sasa dada, afanyweje?"

Kokushubira alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana ilimchukua muda kujibu. "Alichojifunza kwa kutendewa atakisahau kwa kutendewa. Aingie mfiwa wa kweli, asipishwe. Abanwe kama mtu yeyote. Tena na tena, mpaka aone kwamba huzuni si sababu ya kumpisha mtu."

"Mfiwa wa kweli," Kulwa alirudia. "Yaani Nkwimba. Kufa kufaana, eh?"

"Sijasema lazima."

"Nikifanya hivyo," Nkwimba alisema polepole, "Maduhu hatapata mzunguko wake."

"Ndiyo," alisema Kokushubira. "Hataupata."

*

Nyumbani bado kulikuwa na matanga. Mama yake alikuwa anachambua mchele uani, miguu kainyoosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzunguko wa Maduhu lini?"

Nkwimba alikaa, akavuta ungo kwake. "Bado hatujapanga."

"Mpange upesi. Baba yenu alipokufa sikupata usingizi mpaka Maduhu alipopishwa. Nilikaa pale ukutani, nikamwona mwanangu anapita peke yake, wote wamemwachia, nikasema basi, mume wangu ana watu. Usiku ule nililala." Aliokota jiwe, akalitupa. "Sasa hivi silali, Nkwimba. Nafumba macho tu."

Nkwimba alichambua mchele. Ilimjia kumwambia kila kitu, na neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini mama yake hakuwa na kingine cha kungojea duniani zaidi ya hicho, na Nkwimba hakuwa na moyo wa kukichukua mchana kweupe, mbele ya majirani. Akaokota jiwe, akalitupa.

*

Jaribio la kwanza liliharibika kabla halijaanza vizuri. Kulwa, Zengo na Milembe walikuwa wameapa hawatapisha. Zengo, ambaye kwa kawaida hasemi, aliapa mara mbili. Walipoingia kona ya kwanza na Nkwimba katikati yao, wote watatu walijinyoosha wakaenda nje, sawasawa kama walivyofanya miaka yote.

Kokushubira aliruka kutoka kwenye kreti. "Mnamkomaza! Kila mkimpisha anaamini zaidi!"

"Dada mhandisi, mkono hauulizi," Kulwa alisema, jasho likimtoka. "Nimepisha wafiwa tangu nina nywele kichwani."

Jaribio la pili Kulwa alimwomba Nkwimba wasitazamane. Alikodoa macho kwenye tairi lake la mbele, na kona ilipofika akaifunga njia. Vyuma viligusana. Nkwimba alianguka akaburuzwa mpaka kwenye ukuta wa matairi, ngozi ya kiwiko ikabaki mchangani. Milembe, mdogo kuliko wote na mwepesi wa machozi, alikuwa amekwisha kuiachia pikipiki yake ili akimbie kumwinua.

"Usishuke!" Kokushubira alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejichukia. "Ukishuka anajifunza na hilo! Malizeni!"

Wakamaliza. Walimzunguka Nkwimba akiwa amelala pale, mara moja, na tena, na tena, vumbi lao likimwangukia, na kila walipompita walitazama mbele.

Kesho yake wakarudia, na kesho kutwa. Watu wa Ligi walikuwa na desturi ya kula sinia moja baada ya mbio, hata kama mchana mlitukanana. Siku hizo kila mtu alibeba chakula chake akaenda kula mbali. Milembe alikula amewapa mgongo.

Na bado Mwanafunzi alipisha. Kila jioni Kokushubira alizituma pikipiki tatu tupu zimpime Nkwimba, na kila jioni zilisita kidogo, halafu zikaenda nje. Siku ya tano alimwita kando.

"Mwili wako umebadilika," alisema. "Anachokiona kwako sasa ni hasira. Na uchovu. Hasira hamkuwahi kuipisha, kwa hiyo hapo hana cha kusahau."

"Unasema sina huzuni?"

"Nasema haifiki mikononi."

"Dada Koku, unataka nilie namna gani?"

Kokushubira alimwonyesha kioo. Ilikuwa ni habari ya mchana ule: Geita tena, mtoto wa shule, ukingoni mwa barabara, bajaji imepisha msafara wa mazishi. Nkwimba alisoma jina la yule mtoto, akasoma na jina la mama yake, akamrudishia kioo.

Alikwenda nyumbani kwa miguu. Mama yake alikuwa anafua.

"Jumamosi, mama," alisema. "Mzunguko wa Maduhu ni Jumamosi."

Mama aliiacha nguo kwenye maji, akamshika mkono kwa mikono yake yenye povu. Alikuwa anatabasamu. Nkwimba alijua kabisa anachofanya, na akakifanya.

*

Jumamosi mama yake alikuja na majirani, wote khanga mpya, wamebeba sufuria za pilau kwa ajili ya kula baada ya mzunguko kama ilivyo desturi. Walikaa kwenye ukuta wa upande wa kona ya kwanza, mahali pazuri pa kuona. Injini zilipowashwa walipiga vigelegele.

Kulwa aligeuka kwenye kamba. "Mama anafanya nini hapa?" Kisha akamtazama Nkwimba. "Hujamwambia."

"Tazama kamba, Kulwa."

"Nkwimba, yule mama amenilisha mimi!"

"Tazama kamba."

Kwenye kreti yake Kokushubira aliinamia kioo, halafu akakifunika kwa kiganja. Siku zote zile hakuwa amewahi kuona mistari ya huzuni ya Nkwimba imepanda namna ile.

Kamba iliruka. Vigelegele viliwasindikiza mpaka kona ya kwanza. Nkwimba alimwona mama yake amesimama, mikono juu, anangoja njia ifunguke. Kulwa aliifunga. Nkwimba akaanguka mbele ya ukuta ule, karibu kiasi cha kusikia vigelegele vikikatika kimoja kimoja.

Mwanzoni walidhani ni ajali. Wakampa pole kwa sauti. Nkwimba alipopanda tena, na kamba ikaruka tena, na Zengo akambana tena palepale, ukutani pakawa kimya. Mara ya tatu alikuwa Milembe, analia ndani ya kofia yake, lakini alifunga.

"Mpisheni!" mama alisema. "Jamani, mpisheni mwanangu!"

Kwa mara ya nne alikuwa ameshuka ukutani. Aliingia mchangani na khanga yake mpya, viatu mkononi, akasimama karibu na njia yao. "Kulwa! Kulwa, umekula kwangu! Maduhu alikuwa anakuita kaka!"

Kulwa alimpita. Nkwimba alikuwa analia sasa, kwa sauti, kama hakuwahi kulia hata kaburini, na mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba aliiweka pikipiki kwenye njia kwa shida. Wakambana. Akaanguka. Akainuka. Majirani walikuja kumchukua mama yake, wakamwondoa wakimshika huku na huku. Zile sufuria walizisahau ukutani.

Ndipo Kokushubira akatuma zile pikipiki tupu. Ziliingia kona ya kwanza pamoja na Nkwimba, naye akiwa na msiba wake wote mikononi. Hazikusita. Ya kwanza ilimfungia ndani, ya pili ikamrushia mchanga, ya tatu ikampita.

"Amesahau," alisema Kokushubira.

Hakuna aliyeshangilia. Kulwa alikuwa amekwisha kwenda nyuma ya banda peke yake.

*

Ilifanya kazi, hilo lisemwe. Masika yote yale hakuna bajaji iliyompisha abiria anayelia ikaua mtu ukingoni. Bajaji zilipishana na misafara ya mazishi kama zinavyopishana na magari ya mbuzi. Kampuni ilileta matairi mapya, na Kokushubira akahamishiwa Dodoma, akaondoka bila kuaga.

Mama yake Nkwimba aliendelea kuitikia salamu. "Marahaba," alisema, basi. Alielezwa na watu, akaelezwa na Kokushubira mwenyewe kabla hajahama, na alielewa, kwa kuwa hakuwa mjinga. "Watoto wa wenzangu wamepona, nashukuru," alimjibu. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Msimu uliofuata baba yake Milembe alifariki kwa maradhi. Ligi ilikutana bandani, na Kulwa ndiye aliyesema walichokuwa wanakifikiria wote.

"Tuling'oe hili lidudu kwa siku moja. Pikipiki ziwe pikipiki. Mtoto apishwe kama zamani, bila mtu kujifunza chochote."

Wakang'oa. Kila mmoja alifungua kiti chake, akakitoa kisanduku, akakiweka kwenye ndoo. Zengo aliifunika ndoo kwa gunia. Walikuwa wanachangamka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana mtu alitania tumbo la Kulwa.

Ndugu zake Milembe walikaa ukutani. Milembe alikuja kwenye kamba na kitambaa chake cheusi, uso umevimba, akawasalimia mmoja mmoja kwa kichwa. Nkwimba alikuwa pembeni yake kabisa. Usiku mzima alikuwa ameuwaza mzunguko ule. Alijiambia kwamba atajinyoosha kabla ya wote, atakwenda nje kuliko wote, na kwamba hapo pengine kitu fulani kitarudi.

Kamba iliruka. Kona ilifika. Milembe alitazama njia ya ndani, akiingoja.

Nkwimba aliona tairi lake la mbele likiingia pale. Halikuteleza. Mkono wake ulilipeleka kwa ustadi, na upande wa pili Kulwa alikuwa anafanya vilevile, na Zengo nyuma yao akaziba palipobaki. Milembe alianguka. Wakamaliza mizunguko yote bila kusimama, na walipokuwa wanampita pale chini walitazama mbele.

Baada ya mstari Kulwa alishuka, akanyanyua kiti cha pikipiki yake, akachungulia chini yake. Palikuwa patupu. Akaendelea kuchungulia.

Nkwimba alirudi kwa miguu mpaka kona ya kwanza. Milembe alikuwa amekaa mchangani, kofia kaivua, damu puani. Ukutani ndugu zake walikuwa wamesimama, hawajui kama waje au wasije.

"Dada," Milembe alisema, "unanilipizia ile ya Maduhu?"

Nkwimba alitafuta jibu la kweli, akaliona, akaona kwamba hawezi kumpa mtoto aliyefiwa kitu kama kile. Kisasi angalau mtu anakielewa. Anaweza hata kukisamehe.

"Ndiyo," alisema, akamnyooshea mkono ainuke.

Milembe aliutazama ule mkono, akajiinua mwenyewe, akaenda kwa ndugu zake.